Nyayo Tatu za Mhandisi Jahangir

Kwetu Isfahan mwanamume yeyote mwenye miwani na kalamu mfukoni huitwa mhandisi. Muuza jibini ni mhandisi, fundi bomba ni mhandisi, na siku moja nilimsikia dereva wa teksi akiitwa mhandisi na abiria aliyetaka apunguziwe nauli. Kwa hiyo Jahangir Zarrabi alipoingia karakana yetu miaka kumi na moja iliyopita na kusema, "Mimi si mhandisi, mama, mimi ni fundi televisheni," nilimtazama mara mbili. Nikamwambia akae, chai inakuja, na uhandisi atauzoea tu.

Mimi ni Effat. Nasimamia meza ya kulehemu katika karakana ya Bi Simindokht, wanawake watano na mimi wa sita. Tunatengeneza bodi za saketi za mashine za kila namna: vipoza hewa, pampu za bustani, mashine za kutotoleshea vifaranga. Jahangir ndiye anayezichora kwenye kompyuta. Zikishachapwa zinaletwa mezani kwetu tupu, rangi ya kijani, na sisi tunapandikiza vifaa kimoja kimoja na kuvishikiza kwa risasi iliyoyeyushwa. Ndiyo maana mtu huyu namjua pengine kuliko mkewe. Mke anaona anachokula, mimi naona anachokosea.

Ngoja nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kila kifaa kwenye bodi kina unyayo wake, yaani zile alama za shaba ambapo miguu yake inakanyaga. Transista ya zamani yenye miguu mitatu mirefu inataka matundu matatu. Ndugu yake mdogo, anayefanya kazi ileile lakini ana ukubwa wa mbegu ya ufuta, hataki tundu. Anataka vipande vitatu vidogo vya shaba vya kulalia. Ukichora unyayo wa mmoja, mwingine hakai. Sasa, katika programu ya kuchorea kuna mahali pa kuandika orodha: kifaa hiki, unyayo wake wa kwanza ni huu, kikikosekana, kipo kingine, unyayo wake ni huu, na hicho nacho kikikosekana, huu hapa wa tatu. Wachoraji wengi huandika mmoja. Wakiwa wakarimu huandika mbili, kisha wakati wa kuchora huchagua mmoja na kusahau mwingine. Jahangir huandika tatu na kuzichapa zote juu ya bodi, mmoja ndani ya mwingine, kama sufuria zilizopangwa kabatini.

Matokeo yake bodi zake si za kutazamwa na mgeni. Nilimwambia hivyo mwezi wake wa kwanza.

"Mhandisi, hii bodi kuku wamepita juu yake saruji ikiwa mbichi?"

"Wamepita, Bi Effat. Na kila kuku ametumwa."

"Na haya matundu matupu nifanye nayo nini?"

"Yaache. Akiba haiozi."

Hilo ndilo jibu lake kwa mambo yote ya dunia. Watu wa Tehran hututania kwamba sisi wa Isfahan tukinunua sanduku la gazi, peremende yetu nyeupe ya kokwa, tunakula kipande kimoja na kumi na tisa tunawaonyesha wageni. Uongo mtupu. Tunawaonyesha vyote ishirini. Lakini hata sisi wenyewe tulimwona Jahangir kuwa kazidi. Anaandika nyuma ya risiti za dukani. Kitambaa cha mkate anakikung'uta juu ya kiganja, si chini. Na kitu alichokwisha kukichora mara moja kwenye kompyuta hakichori tena mpaka kiama; anakichukua kilekile cha zamani na kukipa kazi mpya.

Tabia hiyo aliipata wakati wa vita na Iraki. Alikuwa kijana, akifanya kazi kwa Muarmenia mmoja mwenye duka la kutengeneza televisheni huko mtaa wa Jolfa. Vifaa havikuwa vinaingia nchini. Akina mama walileta televisheni zao wakilia, maana walitaka taarifa ya habari, walikuwa na watoto wao mpakani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kifaa kilichoko Japani hakiwashi televisheni ya Isfahan. Basi Jahangir alijifunza kuchukua chochote kilichopo na kukikalisha mahali pa kile kisichopo: akikunja mguu huu, akirefusha ule kwa kipande cha waya. Alipofika miaka arobaini na ushee, televisheni zikawa bapa na watu wakaacha kuzitengeneza, akajifunza kompyuta kwa kaka wa mkewe. Anasema siku aliyoiona ile orodha ya nyayo ndani ya programu alitaka kuibusu skrini. Mambo aliyokuwa akiyafanya kwa koleo na jasho, kumbe kuna watu wameyatengenezea sehemu ya kuandikia.

Ni mtu wa raha, sijui nimwelezeje. Mchana anakula mayai yake ya nyanya, anasinzia dakika kumi akiwa ameketi wima kama mwanajeshi, anaamka mwenyewe. Ijumaa anatembea na mkewe Mahlagha kando ya mto, mto uwe na maji au usiwe nayo. Kitu kikikosekana sokoni wenzake hununa, yeye hutabasamu, maana ndiyo siku unyayo wake wa pili au wa tatu unapata kazi. Nimemwona akisugua mikono kwa furaha huku karakana nzima imeshika tama. Wakati mwingine nilitaka kumtupia chuma cha moto.

Basi mwaka huu, baridi ilipoanza kulegea, Bi Simindokht alishuka kutoka ofisini akiwa na bodi mkononi. Karakana aliirithi kwa baba yake, na ni mwanamke mwenye akili na haraka; akishuka ngazi unahesabu hatua ukajua hali ya moyo wake. Akaiweka bodi mbele ya Jahangir.

"Mhandisi, hebu itazame hii. Imechorwa Tehran."

Jahangir akaigeuza huku na huku. Kila kifaa kilikuwa na unyayo mmoja, umekaa mahali pake, mistari imenyooka.

"Nzuri," akasema, na alikuwa mkweli. "Safi kama kitanda cha hoteli."

"Ni ndogo kuliko yako kwa theluthi. Wateja wananiuliza, bodi zenu mbona zina matundu kama mkate? Niwajibu nini?"

"Na hiki hapa kikikosekana?"

"Kitapatikana."

Jahangir akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia dari.

Bi Simindokht hakuzunguka. Akasema Haji Rajabali wa Najafabad, anayeunda mashine za kutotoleshea vifaranga, ameagiza bodi mia na ishirini, na anazitaka kabla ya Nowruz, mwaka wetu mpya. "Hizi umeshazichora kwa mtindo wako, ziende hivyohivyo. Zikienda salama, utaendelea kuchora na mimi sitasema neno tena. Kukitokea balaa, uchoraji unahamia Tehran na wewe unahamia stoo. Mshahara wako palepale."

"Sawa, bibi," akasema Jahangir.

Lakini saa ya chai alikaa na kipande cha sukari katikati ya meno bila kunywa. Mwishowe akakitoa.

"Stoo, Bi Effat. Mke wangu akiniuliza leo umefanya nini, nitamjibu nimefunga mlango vizuri?"

Nilimwonea huruma, na kwa kuwa sijui kuwaonea watu huruma, nikamwambia chai yake inapoa.

Bodi tupu za Haji zikafika, mia na ishirini pamoja na moja ya akiba. Kila moja ilihitaji transista nne ndogo, zile za ukubwa wa ufuta, za kuwasha na kuzima swichi za joto, feni, kengele, na mota inayogeuza mayai. Jumamosi ya wiki ya mwisho kabla ya mwaka mpya, wakati mji mzima unafua mazulia na kufuta madirisha, tukapata habari kwamba mzigo wa transista umekwama bandarini na hautatoka mpaka baada ya sikukuu. Haji alikuwa anakuja Alhamisi asubuhi. Wateja wake walikuwa na mayai yanayosubiri mashine, na mayai hayasubiri kama watu.

Bi Simindokht alishika kichwa. Jahangir alisugua mikono.

"Unyayo wa pili," akasema. "Matundu matatu, transista kubwa za zamani. Soko limejaa; kifaa cha unyayo wa tatu hakipo mjini. Bi Effat, vaa koti twende."

Tukaenda kwa Qodrat, ambaye duka lake lina upana wa kitanda na lina kila kitu alichoumba binadamu kabla ya mwaka wa elfu mbili.

"Pole na kazi, bwana Qodrat."

"Mhandisi! Umeniletea nuru dukani. Bi Effat, karibu, duka ni lako."

"Lingekuwa langu ningelipiga deki," nikasema.

"Transista za miguu mitatu, zile kubwa," akasema Jahangir. "Mia tano."

Qodrat akashusha mfuko uliojaa vumbi. "Za Kijapani. Halisi, si hizi feki zilizoandikwa jina juzi. Za Kimarekani usiniulize, sijaziona miaka minane."

"Hizihizi ndizo nilizoandika. Bei gani?"

"Kwako? Bure. Chukua uende zako."

"Haiwezekani, sema."

"Haki ya Mungu, hazina thamani mbele yako."

"Nakuomba, bwana."

Qodrat alikataa mara ya tatu, kama adabu yetu inavyotaka, kisha akataja bei, na Jahangir akashika kifua kama mtu aliyechomwa kisu. Walivutana mpaka chai ikaletwa, ikanywewa, ikaletwa nyingine. Nilinunua mafuta yangu ya kulehemia duka la jirani, nikarudi, nikawakuta wanaapiana kwa roho za baba zao. Tulirudi na mfuko, na njiani Jahangir aliimba.

Jumatatu asubuhi nililehemu bodi ya kwanza mwenyewe. Transista nne zikakaa kwenye matundu yake kama zimezaliwa hapo. Tukachomeka umeme. Skrini ndogo ikawaka, joto likasomeka vizuri. Sasa swichi ya joto ilitakiwa ilie tak.

Haikulia.

Nikagusa transista, nikaondoa kidole haraka, ilikuwa ya moto kama jiko. Nikabadilisha nyingine. Ileile. Jahangir alileta mita yake, akapima mguu mmoja mmoja. Akaenda kwenye kompyuta yake, akaketi, akafungua ile orodha. Nilimfuata kwa sababu sikuupenda ule uso wake.

"Bi Effat," akasema, "nimeharibu."

Transista ina miguu mitatu na kila mguu una kazi yake. Zile za Kimarekani na za Kijapani zina umbo lilelile, ukiziweka pamoja hutazitofautisha, ila mguu wa kati na wa pembeni imebadilishana zamu. Kwenye orodha Jahangir alikuwa ameandika jina la ile ya Kijapani, sawa kabisa. Lakini unyayo wake hakuuchora upya. Alichukua uleule aliouchora miaka mingi nyuma kwa ajili ya ya Kimarekani, akauambatisha hapo, akaenda kula mayai yake. Na unyayo wa pili kwenye programu unalala; hakuna anayeutazama mpaka siku unapohitajika. Bodi mia na ishirini, transista nne kila moja. Mia nne na themanini, zote mguu wa kati umekanyaga mahali pa mwenzake.

Alikuwa amebadilika rangi. Mimi nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa na woga zaidi, nikainamisha kichwa karibu na sikio lake.

"Sema Qodrat kakuuzia feki."

"Si feki."

"Najua si feki, wee! Nani atajua? Soko zima linauza feki. Qodrat mwenyewe akiambiwa ataamini."

Akacheka kidogo. Kisha nikaona kwamba anafikiria kweli. Alitazama skrini muda mrefu, na mimi nikaomba aseme ndiyo, maana sikutaka mtu huyu aende kufunga milango ya stoo.

"Halafu nikanunue nyingine kwa nani?" akasema. "Nazo zitakataa. Nitawasingizia maduka mangapi?"

"Mhandisi, fikiria stoo."

"Naifikiria. Lakini kosa liko humu ndani, Bi Effat, si kwenye mfuko. Nikinyamaza litabaki kwenye orodha kwa jina zuri, na siku moja litamwangukia mtu ambaye hata hatujui."

Mficha uchi hazai, najua, lakini ni rahisi kulisema hilo kwa uchi wa mwenzako. Akapanda ngazi. Mimi nikafuata na sinia la chai ambalo hakuna aliyeliagiza.

"Bi Simindokht," akasema mlangoni, "balaa limetokea, na ni langu mimi." Akaeleza yote bila kupunguza, hata ile habari ya kutochora upya.

Bi Simindokht alisikiliza mpaka mwisho. "Kuna dawa?"

"Ipo. Miguu miwili tunaipishanisha kwa mkono, mmoja tunauvalisha mrija mwembamba wa plastiki isigusane."

"Zote mia nne na themanini?"

"Zote."

"Haji anakuja Alhamisi. Bi Effat, inawezekana?"

"Inawezekana," nikasema, "kama na yeye atakaa mezani."

"Akae. Haji akishaondoka tutaongea." Akachukua simu, na sisi tukashuka. Chai niliirudisha ilivyo.

Alikaa mezani siku tatu, kati yangu na Tuba, ambaye hana mdomo wa kufungika. Tuba alishika transista ya kwanza iliyopishanishwa miguu akaiinua juu.

"Dada zangu, huyu ana haja ndogo!"

Karakana nzima ilicheka. Kuanzia hapo kila iliyokuwa tayari tuliitangaza: "Mwingine amebanwa! Mwonyesheni choo!" Jahangir alicheka mpaka miwani ikajaa ukungu. Nilidhani atakuwa mzigo, lakini vidole vyake vya fundi televisheni vilikuwa havijasahau. Ila alikuwa mwepesi kupita kiasi, anakunja mguu mara moja kwa nguvu, na baada ya kuvunja wa nne nilimpiga mkono kama mtoto.

"Polepole! Chuma kina utu wake."

"Nisamehe, bibi mwalimu."

"Na usikunje kwa kukisia. Shika hapa." Nilikuwa nimepigilia misumari mitatu kwenye kipande cha ubao, unazungusha mguu kwenye msumari, unatoka kila mara sawasawa. Akautazama ule ubao kwa heshima ambayo sijawahi kuonyeshwa na mwanamume yeyote, mume wangu akiwemo, Mungu amrehemu.

"Umefanya lini hii?"

"Mchana huu ulipokuwa unasinzia."

Siku ya pili alikuwa amenyamaza sana, nikamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, anasikiliza. Na kweli, meza yetu inasema mengi. Tuba alikuwa analalamika kwamba ni mwezi mzima hajafanya kazi bila kichwa kumuuma, na kwamba hizi kubwa, pamoja na miguu yao iliyobanwa, angalau anaziona. Mwingine akasema zile ndogo akizipigia chafya zinapotea mpaka Nowruz ijayo. Jahangir alivua miwani, akaifuta, akatutazama mmoja mmoja. Hata sijui kama miaka kumi na moja yote alikuwa amewahi kuona kwamba kati yetu sita, wanne tunavaa miwani minene kuliko yake.

Jumatano saa kumi alasiri bodi ya mwisho ililia tak, tak, tak, tak. Tuba alipiga vigelegele. Tukaenda kula biriani, ile yetu ya nyama ya kusaga juu ya mkate, na Jahangir ndiye aliyelipa, jambo ambalo mashahidi sita tuko tayari kuliapia mahakamani.

Alhamisi Haji Rajabali akaja na gari lake la mizigo. Ni mzee mnene mwenye sauti ya kuita kuku. Akawasha bodi kumi kwa kuchagua mwenyewe, zote zikalia. Kisha akaishika moja karibu na jicho.

"Hivi vidude mbona vimepishanisha miguu?"

Nilitaka kusema ni mtindo mpya. Jahangir alikuwa amekwisha kufungua mdomo. "Nilikosea unyayo, Haji. Hawa mabibi wamenisahihishia kwa mkono, kimoja kimoja. Vikikusumbua ndani ya mwaka, nakuja Najafabad mwenyewe."

Haji akafikiri. "Jogoo wangu mmoja naye ana miguu ya hivyo," akasema, "na ndiye mwenye watoto wengi." Akapakia akaondoka.

Ikabaki ile saa niliyokuwa naiogopa. Bi Simindokht alishuka polepole, na nilipohesabu hatua zake sikupata jibu. Akaweka bodi mbili mbele yangu, si mbele ya Jahangir: ile safi ya Tehran, na moja ya Haji iliyobaki kama akiba, na matundu yake na miguu yake iliyopishana.

"Bi Effat, wewe ndiye unayezishika. Miaka yote nakusikia unazitukana bodi za huyu bwana. Nimeamua nikuulize wewe. Ipi?"

Jahangir alikuwa amesimama karibu na dirisha. Hakunitazama. Nilikuwa nimemkejeli mtu huyu miaka kumi na moja, mbele ya watu, kila siku ya Mungu, na sasa ilikuwa imegeuka ushahidi. Nikaichukua ile ya Tehran.

"Hii nzuri," nikasema. "Kama transista zisingekwama bandarini, hii ningeilehemu kwa nusu siku nikaenda kufua mazulia yangu. Lakini zilikwama. Sasa niambie, bibi, hapa ile kubwa ningeipitisha wapi? Hakuna tundu. Ningeitazama tu, na Haji angerudi na gari tupu." Nikaweka chini, nikashika ya Haji. "Hii ni mbaya, na mchoraji wake alikosea, na vidole vinaniuma mpaka leo. Lakini alikosea mahali penye tundu. Penye tundu mkono unaweza kusahihisha. Mimi nataka ya huyu."

Bi Simindokht aliichukua ile ya Tehran na kuitia mfukoni.

"Basi achore," akasema Bi Simindokht. "Lakini kuanzia leo hakuna orodha inayotoka hapa bila wewe kuipitia, mguu kwa mguu, kifaa chenyewe kikiwa mkononi. Mhandisi, umesikia?"

"Nimesikia, bibi. Na ni haki."

Nilitaka kusema mimi sijui kompyuta, nimeishia darasa la tano. Kabla sijapata nafasi, Jahangir alikuwa amekwisha kuvuta kiti cha pili mpaka kwenye skrini yake na kukifuta vumbi kwa mkono wa shati. Nikakaa. Akafungua ile transista, na orodha ikajitokeza: unyayo wa kwanza, ule wa ufuta; wa pili, wa matundu, ambao alikuwa ameuchora upya kichwani usiku kucha, alisema, na kuuandika asubuhi alipofika kazini; na wa tatu palepale chini yao. Nikashika transista ya Kijapani mkononi, tukahesabu miguu pamoja, mara mbili.

Kisha hakuifunga. Aliegemea nyuma akaniuliza, "Upi uwe wa kwanza?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Siku vyote viwili vipo dukani, ninyi mezani mngependa nini?"

Miaka kumi na moja nimelehemu alichochora mtu mwingine, na kabla ya hapo miaka tisa kwa baba yake Bi Simindokht, na swali hilo sikuwahi kuulizwa. Niliigeuza ile transista kiganjani.

"Wa matundu," nikasema. "Macho yetu yanazeeka, Mhandisi."

Akaupandisha juu ya ule wa ufuta.